Kutoka kupima kifua mupaka kuuliza jina: namna Lubumbashi ilichagua watu wa kazi

Asubuhi moja, mbele ya mulango wa kampuni moja hapa Lubumbashi, kijana mumoja alikuwa katika mustari tangu saa kumi na moja. Anajua kuchoma vyuma. Alijifunza kwa baba yake, kisha katika shule ya ufundi, na karatasi zake alizifunga katika mufuko wa plastiki juu ya mvua. Wakati zamu yake ilifika, mwenye kuandika majina alimuangalia kwanza viatu. Kisha akasoma jina lake kwa sauti, akainua macho: "Hii jina ni ya wapi?" Kijana akataja mahali baba yake alizaliwa. Mwenye kuandika akageuza karatasi. "Ndugu, kazi imeisha." Kijana akasogea pembeni, na kutoka pale akaona watu wanne wa nyuma yake wakiingia.

Alinielezea hayo katika studio, na aliomba jina lake lisitajwe. Maneno yenye yalibaki katika kichwa changu ni haya: "Hawakunipa hata bageti moja ya kuchomea waone kama ninajua." Yeye na mama yake wako kati ya jamaa zenye zilikimbia kwao na sasa wanalala kwa ndugu, watu tisa katika vyumba viwili.

Kisha kipindi kupita, simu zililia. Mama mumoja mwenye kutoka Kivu alisema kwamba yeye hawamuulizi hata jina, wanaangalia pua yake tu. Lakini baba mumoja wa hapa hapa alipiga simu kwa hasira: "Na sisi je? Shaba iko chini ya mashamba yetu, na kazi inakwenda kwa watu wenye kushuka katika treni." Dakika tano za radio hazikutosha kwa kumujibu. Nilienda kusoma na kuuliza wazee, na kile nimepata ninakiandika hapa, kwa sababu swali la ule mulango halikuanza na yule mwenye kuandika majina. Linakaribia umri wa muji wenyewe.

Union Minière du Haut-Katanga ilizaliwa mwaka wa 1906. Reli ya kutoka kusini ilifika hapa mwaka wa 1910, Elisabethville ikaanza kuwa muji, na mwaka wa 1911 tanuru la Lubumbashi likatoa shaba yake ya kwanza. Kitu kimoja kilikosekana: watu. Vijiji vya jirani vilikuwa na watu wachache, na wale wenye walikuwako hawakuona sababu ya kuacha mashamba yao kwa kwenda kufia katika vumbi. Na kweli walikuwa wanakufa. Miaka ya kwanza, magonjwa yaliua wafanyakazi wengi katika kambi. Kwa hiyo mwaka wa 1910 ikaundwa Bourse du Travail du Katanga, kazi yake kutafuta watu na kuwaleta. Walitoka Rhodesia ya Kaskazini, yenye leo ni Zambia, walitoka Lomami, Maniema, Kasai, na kisha Rwanda na Burundi.

Mutu akifika, hakuna mwenye alimuuliza kama anajua kazi. Alivuliwa nguo, akapimwa kilo, akapimwa urefu, akapimwa upana wa kifua. Daktari aliangalia meno na macho. Wazee wenye walisikia habari hizo kwa baba zao bado wanazielezea, na sauti inabadilika wakifika pale pa kuvua nguo, kwa sababu wakati mwingine mutoto na baba mukwe walisimama katika mustari mumoja.

Kisha kifua, kulikuwa kabila. Katika buro za kuajiri, kila kabila lilipewa sifa yake kama vile unaweka bei juu ya magunia ya muhindi: hawa wana nguvu, hawa ni wavivu, hawa wana akili lakini ni wasumbufu, hawa wanafaa chini ya udongo, hawa wanafaa kushika kalamu. Sifa hizo ziliandikwa na watu wenye hawakujua luga hata moja ya wale walikuwa wanawahukumu. Lakini zikiisha kuandikwa, zilitumika. Mutu alipelekwa kwenye shimo ao kwenye meza kufuatana na karatasi yenye ilikuwako mbele yeye afike.

Hapa ninapenda kusimama kidogo juu ya watu wa Kasai, kwa sababu bila hilo hatuwezi kuelewa kile kilikuja nyuma. Juu ya nini walijaa katika kazi za kalamu na za reli? Watu wengi, hata leo, wanajibu kwamba ni damu: "Muluba wa Kasai anapenda cheo." Jibu liko mahali pengine. Mwisho wa karne ya 19, vita vya kukamata watumwa viliharibu vijiji vingi vya Baluba, na wale wenye walipona walikimbilia karibu na vituo vya serikali na vya misioni. Walikuwa, kwa neno la leo, wakimbizi wa ndani. Misioni ilikuwa na shule, basi watoto wao walisoma mapema kuliko wengine. Kisha kampuni ya BCK ikapitisha reli katikati ya inchi yao: mwaka wa 1928 njia kutoka Katanga ilifika Ilebo, yenye wakati ule iliitwa Port-Francqui. Mutu mwenye kusoma kidogo, na treni mbele ya mulango wake, atakwenda wapi? Alikuja huku. Ukiweka shule ile ile na reli ile ile katika inchi ya kabila lingine, ni hao wangekuwa makarani.

Karibu na mwaka ule wa 1928, Union Minière ilibadilisha njia yake. Iliona kwamba kuleta watu wapya kila miezi sita ni hasara. Ikaanza kutoa kontra ya miaka mitatu, ikaacha wanaume walete bibi zao, ikajenga nyumba za kambi, zahanati, shule, na ikatoa posho kila juma. Daktari Léopold Mottoulle alikuwa mukubwa katika mipango hiyo. Watoto wenye walizaliwa katika kambi zile hawakuwa tena wa kijiji fulani. Walicheza pamoja, wakasema Kiswahili pamoja, Kiswahili hiki chetu chenye watu wa Zanzibar wanacheka. Kampuni iliwaunganisha katika uwanja, lakini katika vitabu vyake ikaendelea kuwaandika kwa kabila ya baba.

Inje ya kambi, muji ulikuwa na mupaka wake. Wazungu walikaa upande mumoja, weusi upande mwingine, katika cité yenye leo ni Kamalondo, na katikati kulikuwa eneo tupu bila nyumba. Usiku, mweusi mwenye kupatikana katika muji wa wazungu bila karatasi alikamatwa. Wale wenye walivuka ule mupaka kila siku ni maboi, watumishi wa nyumba. Walivaa nguo nyeupe na walijua kila kitu chenye kilisemwa mezani, kwa sababu wenye kula walifikiri hawasikii. Wao ndio waliacha kitabu: mwaka wa 1965, André Yav aliandika kwa mashine, kwa jina la watumishi wa zamani, historia ya muji huu katika Kiswahili cha hapa, yenye kuitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville. Historia hiyo haikutoka kwa profesa wala kwa mukubwa wa serikali. Ninaitaja kwa sababu wasikilizaji wetu fulani wanafikiri Kiswahili chetu hakiandikwi.

Mwaka wa 1941 bei za vitu zilikuwa zimepanda juu ya vita ya Ulaya. Wazungu wa Union Minière walisumbua na wakaongezewa mushahara. Weusi nao wakaomba. Tarehe 9 Desemba, wafanyakazi wenye walikuwa wamegoma walikusanyika katika uwanja wa mupira hapa Lubumbashi, na mwenye kusema kwa jina lao alikuwa karani mumoja, Léonard Mpoyi. Gavana Amour Maron alikuja na askari. Askari walipiga risasi. Mpoyi aliuawa pale, na pamoja naye makumi ya wengine. Tshibumba Kanda Matulu, muchoraji wetu, alichora siku ile zaidi ya miaka thelathini nyuma yake. Kati ya wafu wa uwanja ule kulikuwa watu wa asili mbalimbali. Siku ile hakuna mwenye aliuliza Mpoyi ni wa wapi mbele ya kumufuata.

Kisha vita, serikali ya wakoloni ilikuwa na shida mupya. Sasa kulikuwa makarani, wauguzi, walimu, watu wenye kuvaa suti ya kupigwa pasi na kusoma gazeti. Waliitwa evolue. Waliomba kitu cha kawaida: wahukumiwe kama watu wa kazi yao. Serikali ikawajibu kwa kadi. Mwaka wa 1948 ikatoka kadi ya carte du mérite civique, na mwaka wa 1952 ikaja nyingine, kubwa zaidi, yenye kuitwa immatriculation.

Namna ya kuipata ndiyo inapashwa kusomwa polepole. Mutu aliomba kwa barua. Halafu watu wa tume walikuja kwake nyumbani. Waliangalia kama kuna kitanda chenye mashuka. Waliangalia choo. Waliangalia kama bibi anakula mezani pamoja na bwana yake, na kama wanatumia uma na kisu. Waliuliza watoto. Walifungua kabati. Mutu mwenye alikuwa anafanya hesabu za kampuni miaka kumi bila kosa alikaa kwenye kiti chake mwenyewe, akitoka jasho, akiangalia muzungu akihesabu vijiko. Patrice Lumumba, karani wa posta kule Stanleyville, aliomba, wakamukatalia mara ya kwanza, na akaipata mwaka wa 1954. Katika inchi yenye watu karibu milioni 13, kufika mwaka wa 1958 baba wa familia zaidi kidogo ya 200 tu ndio walikuwa wameandikishwa kwa kadi ile kubwa.

Na wakiisha kuipata, walipata nini? Mushahara haukulingana na wa muzungu wa kazi ile ile. Nimezungumuza na muzee mumoja wa Katuba, ambaye babu yake alitafuta kadi hiyo. Aliniambia kwamba uma zile bado ziko. "Zilinunuliwa juu ya kuonyesha. Siku tume ilitoka, tukarudia bukari yetu kwa mikono." Alicheka, kisha akanyamaza. Kadi haikufika.

Mwisho wa mwaka wa 1957, watu wa Elisabethville walipiga kura kwa mara ya kwanza kwa kuchagua viongozi wa komini. Wengi wa wakubwa wapya wa komini za weusi walikuwa na asili ya inje ya Katanga. Watu wenye kuitwa wenyeji waliona uchungu, na uchungu huo haukuwa wa bure, kwa sababu wakati kampuni ilikuwa inaleta watu kwa treni, haikujenga shule za kutosha kwa vijiji vya jirani ya migodi. Mwezi wa Oktoba 1958 ikazaliwa CONAKAT, na wenye kujulikana zaidi ndani yake ni Moïse Tshombe na Godefroid Munongo. Hapo ndipo neno la "Mukatanga wa kweli" lilianza kutembea katika siasa. Wazungu wengi wa hapa walilipenda neno hilo. Tarehe 11 Julai 1960 Tshombe akatangaza Katanga kuwa inchi ya peke yake, na mwaka wa 1961 makumi ya maelfu ya Baluba wa muji walikimbilia kambi yenye kulindwa na askari wa Umoja wa Mataifa, pembeni ya muji wenye walikuwa wameujenga. Walioacha kazi zao siku zile hawakuziacha kwa kosa la kazi.

Mobutu alipokuja, alisema anamaliza ukabila. Mwaka wa 1966 aliweka sheria ya kuazibu ubaguzi wa rangi na wa kabila, na sheria hiyo ni nzuri, ninairudilia chini. Mwanzo wa mwaka wa 1967 Union Minière ikawa mali ya serikali, na baadaye ikaitwa Gécamines. Lakini serikali ambayo ilikataza kuhukumu mutu kwa kabila ikaanza kumuhukumu kwa shati. Mwanzo wa miaka ya 1970, kwa jina la authenticité, suti na karavati vilikatazwa. Mwanaume wa buro alipashwa kuvaa abacost, jina lenye kutoka kwa maneno ya Kifaransa yenye maana ya kuangusha suti. Mwanamuke alikatazwa suruali na nywele za bandia, avae kitenge. Majina ya Kikristo yalitupwa: Joseph na Marie walipashwa kutafuta jina la babu.

Ni kweli kwamba wengi walifurahi. Kisha miaka ya kuhesabiwa vijiko na muzungu, kuvaa nguo ya kwenu na kuitwa jina la babu kulikuwa heshima, na mimi siwezi kucheka mutu mwenye alisikia vile. Angalia picha za ndoa za wakati ule katika albamu ya nyumbani: wanaume wamesimama wima, kola imefungwa, na wako wazuri kweli. Lakini hesabu ilikuwa ile ile. Karani mwenye alikuja kazini na karavati alikuwa na kosa, hata kama vitabu vyake ni safi. Katika kampuni, watu waliitwa kucheza animation politique kwa sifa ya raisi, na mwenye kuimba vizuri aliweza kupanda mbele ya mwenye kufanya kazi vizuri. Kisha, tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu akatangaza mwisho wa chama kimoja, na katika hotuba ile ile akaruhusu karavati. Karibu miaka ishirini ya kuchunguza shingo za watu, ikaisha katika hotuba moja.

Kile kilikuja kisha hapo, wasomaji wengi wa blogu hii walikiona kwa macho. Kuanzia mwisho wa 1991, Gabriel Kyungu wa Kumwanza alikuwa gavana wa Shaba, na Nguz Karl-i-Bond, wa chama chake cha UFERI, alikuwa waziri wa kwanza. Mwezi wa Agosti 1992 mukutano mukubwa wa taifa ulimuweka Étienne Tshisekedi, mutu wa Kasai, katika nafasi ya Nguz. Hapa hapa vijana wa JUFERI wakaanza kuingia katika nyumba. Watu wa Kasai waliitwa bilulu, wadudu. Katika mikutano walisema kwamba bilulu ndio wamechukua kazi zote za Gécamines na za reli, kwamba wakienda, kila mutoto wa Katanga atapata meza yake.

Likasi ilianza mwezi wa Agosti na Septemba 1992. Kolwezi ilifuata mwezi wa Machi 1993. Mamia ya maelfu ya watu walitoka katika nyumba zao. Walilala kwenye stesheni, katika shule, inje, wakingoja treni zenye hazikuja kwa juma na miezi, na watoto walikufa kwa surua na kuhara pale pale kwenye reli yenye babu zao walikuja nayo. Treni zikifika, ziliwapeleka Mwene-Ditu na Kananga, miji yenye wengi wao hawakuwahi kuiona. Kwa sababu hao walizaliwa Likasi. Baba zao walizaliwa Likasi.

Na walijulikana kwa nini? Nguo hazikuwa tofauti. Rangi hapana. Jina? Hapa kuna kitu ambacho kingechekesha kama hakingeua watu: Baluba wa Katanga na Baluba wa Kasai wana majina mengi ya pamoja. Ilunga yuko kwa hawa na kwa wale. Mutombo vile vile. Kalala vile vile. Basi ikabaki kusikiliza namna mutu anasema Kiswahili, ao kuuliza jirani. Kuna nyumba zenye baba ni wa Kasai na mama ni wa Katanga, na siku ile walipashwa kuchagua watoto ni wa nani. Kuna pia nyumba za Wakatanga zenye zilificha majirani zao nyuma ya magunia, na watu hao hawana ukumbusho hata mumoja katika muji huu.

Je, kila mutoto wa Katanga alipata meza? Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Kufika 1993 ilikuwa karibu tani 50,000. Nitasema ukweli wote: kufukuza watu hakukuwa sababu ya peke yake. Serikali ilikuwa imekula pesa ya kampuni muda murefu, mugodi wa Kamoto ulianguka mwaka wa 1990, na mashine zilikuwa zimechoka. Lakini wakati kampuni ilikuwa mugonjwa hivi, ilipoteza kwa miezi michache ma-enjinia, mafundi, walimu na wauguzi wake, watu wa uzoefu wa miaka ishirini, na hakuna mwenye alifundishwa mbele ya wao kuenda. Meza zilibaki. Mushahara wa kukaa nyuma yake ndio haukuonekana.

Miaka mitano kisha hapo, vita ilianza tarehe 2 Agosti 1998, na swali likabadilisha tena mahali pa kuangalia. Sasa ilikuwa pua na urefu. Kinshasa na hapa Lubumbashi, watu walikamatwa kwa sababu sura yao ilifanana na ya Watutsi. Kati yao kulikuwa wenye walifanya kazi kati yetu miaka mingi, na wengine hawakuwa hata Watutsi. Yule mama wa Kivu mwenye alinipigia simu alikuwa mutoto wakati ule. Anasema mama yake alimufundisha kufunga kitambaa chini mupaka karibu na macho. Leo, akienda kuomba kazi ya kufua ao ya kupika, mukono wake bado unakwenda kwenye kitambaa.

Sheria inasema nini? Ninaandika hapa bila kuzunguka, kwa sababu wasikilizaji wameuliza. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 13, inakataza kumubagua Mukongomani katika masomo, katika kazi za serikali na katika jambo lingine lote kwa sababu ya dini, ya asili ya familia, ya mahali anakaa, ya kabila ao ya luga. Kifungu cha 36 kinasema kwamba hakuna mutu anaweza kuzuriwa katika kazi yake kwa sababu ya asili yake, ya kuwa mwanaume ao mwanamuke, ya mawazo yake, ya imani yake ao ya hali yake ya kijamii na ya uchumi. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, kifungu cha 62, inakataza kufukuza mutu juu ya rangi, kabila ao dini. Na ile ya tarehe 7 Juni 1966 inaweka kifungo kwa mwenye kubagua. Angalia vizuri maneno "hali ya kijamii na ya uchumi" katika kifungu cha 36. Viatu vya yule kijana vimo ndani yake.

Shida ni kwamba sheria inamulinda zaidi mwenye amekwisha kuingia. Mwenye kufukuzwa ana kontra, ana barua, anaweza kwenda kwa inspekta wa kazi. Mwenye kukataliwa kwenye mulango hana karatasi. "Kazi imeisha" si barua. Ndiyo sababu wanasheria wawili wenye niliwauliza walisema kitu kimoja: peleka ombi kwa maandishi, omba tampo ya kupokea, shika kopi, andika tarehe na saa na kile kilisemwa. Ni kidogo. Lakini bila hicho hakuna hata mahali pa kuanzia.

Na yule baba mwenye hasira? Siwezi kumuacha bila jibu, kwa sababu ana haki kwa sehemu. Mutu mwenye shamba lake limekuwa shimo anapashwa kupata kitu, na sheria ya migodi, tangu ibadilishwe mwaka wa 2018, inaamuru kampuni zifanye mapatano ya maandishi na vijiji vya jirani. Anaweza kudai yaheshimiwe, na sisi katika radio tutamusaidia kudai. Lakini alichopoteza ni shamba, na shamba lina mahali, lina mupaka, lina mutu mwenye alilichukua. Yule mwenye kuomba kazi ya kuchoma vyuma hakulichukua. Nilimupigia simu kwa kumuambia hivyo. Alinisikiliza mupaka mwisho, kisha akasema mutoto wake wa kiume ana diploma ya umeme, ameomba mara saba, na hata yeye wanamuuliza jina. Inaonekana kwenye milango fulani wenyeji pia si wa mahali pake.

Yule kijana anafanya kazi sasa, si katika kampuni. Katika lupangu moja ya Katuba kuna muzee mwenye kutengeneza milango na madirisha ya chuma. Wanachoma usiku, kwa sababu ni usiku umeme unarudi. Nilipoenda kumuona, nilimuuliza muzee namna alimuchukua. Alisema alimupa vipande viwili vya chuma na bageti moja, akamuambia: "Choma, tuone." Kisha akapiga kile kiungo na nyundo mara tatu, na hakikuachana.

Nikamuuliza kama anajua kijana ni wa wapi. Alifikiri kidogo, akamuita kwa sauti juu ya kelele ya mashine: "Weye, unatoka wapi tena?"

Kijana hakusikia. Alikuwa na kinga ya macho usoni, na muzee akanipa kiti nikae mbali na cheche.